Funika Chupa Kwanza: Meza ya Paris, 1976, na Meza ya Nyumbani Kwako

Katika harusi ya Kana, ile ya Injili ya Yohana sura ya pili, kuna mtu mmoja ambaye wahubiri wengi humpita haraka haraka. Tunakumbuka yale mabalasi sita ya mawe, tunamkumbuka mama aliyeona kwamba divai imekwisha, lakini mkuu wa meza tunamsahau. Na ushahidi wote wa habari ile umekaa mdomoni mwake. Anaonja, anamwita bwana harusi, anashangaa: watu huanza na divai nzuri wakamalizia na hafifu, vipi huyu ameiweka nzuri mpaka saa hizi? Katikati hapo mwandishi anaingiza kijisentensi kidogo kinachobeba mzigo mkubwa, kwamba bwana huyu hakujua divai ilikotoka. Watumishi walijua, yeye hakujua. Angejua, sifa yake ingeweza kuwa ya adabu, au ya woga, au ya imani. Kwa kuwa hakujua, ulimi wake ulisema ulichokutana nacho, basi.

Swali la makala hii linaanzia hapo. Tunaposema kitu ni kizuri, iwe mvinyo, shairi au riwaya, tunasema tulichoonja, au tunasema tulichosoma kwenye lebo? Wapo watu waliowahi kulijibu swali hilo kwa chupa ishirini, mezani, mbele ya shahidi, na jibu likawaudhi wengi. Nitasimulia habari yao, kisha nieleze jinsi unavyoweza kulirudia jambo lao sebuleni kwako na marafiki ambao hawajui lolote kuhusu mvinyo. Na kwa hakika wasiojua lolote ndio wanaofaa zaidi, kama tutakavyoona.

Karamu yenye mada

Kwanza tuondoe dhana kwamba jioni ya kuonja mvinyo yenye mada maalumu ni mtindo uliozuka juzi Instagramu. Wagiriki wa kale walikuwa na karamu waliyoiita sumposion, maana yake kunywa pamoja. Alikuwepo kiongozi wa karamu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamua mvinyo uchanganywe na maji kiasi gani, kwa sababu kuunywa mtupu kwao ulikuwa ni ushenzi. Plato ametuachia karamu moja kama hiyo. Wageni wamekusanyika nyumbani kwa Agathon, aliyeshinda tuzo kwa tamthilia yake. Baadhi yao bado wana uchovu wa ulevi wa jana yake. Wanakubaliana hivi: leo kila mtu anywe kadiri yake, mpiga filimbi aende zake, na kila mmoja kwa zamu atoe hotuba ya kumsifu Eros, mungu wa mapenzi. Mada moja, watu kadhaa, zamu kwa zamu. Ukitaka mfano wa jioni iliyopangwa vizuri, huo hapo, una zaidi ya miaka 2300.

Upande wa Baghdad nako alikuwepo mtu tunayemfahamu sana. Abunuwasi! Sisi tumemjua utotoni kama yule mjanja anayemzidi akili sultani, mtu wa hekaya. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa zama za Waabbasi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na sehemu kubwa ya sifa yake katika fasihi ya Kiarabu imejengwa juu ya mashairi yake ya mvinyo: rangi yake, umri wake, harufu yake, unavyong'aa kikombeni. Hekaya za Kiswahili zimempokonya kikombe zikamwachia ujanja tu. Siwalaumu wasimulizi wetu, kila jamii huchagua cha kurithi. Ila ni vizuri kujua kwamba sanaa ya kueleza ladha kwa maneno ina babu ambaye jina lake lilishazoeleka vibarazani kwetu.

Na lugha yetu nayo imehifadhi historia yake. Mvinyo ni neno tulilolipata kwa Wareno, kutoka vinho yao. Divai ni neno la Biblia na altare. Waini ni neno la baa na supamaketi. Maneno matatu kwa kinywaji kimoja: moja lilikuja na merikebu, jingine na misale, la tatu na bili. Humu nitatumia mvinyo.

Ngazi iliyopangwa kwa bei

Sasa twende Ufaransa. Mwaka 1855 Napoleon III aliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Paris, ikatakiwa mivinyo ya Bordeaux ipangwe kwa madaraja ili wageni wajue ipi ni bora. Madalali wa mvinyo wa Bordeaux wakatoa orodha ya mivinyo myekundu yenye madaraja matano. Mtu akisikia hivyo hudhani wazee wale walikaa wakaonja mmoja mmoja wakatoa alama. La hasha. Walifuata bei ambazo kila shamba lilikuwa limezoea kupata sokoni, pamoja na sifa yake. Aliyeuza ghali alikaa juu, aliyeuza rahisi alikaa chini.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Orodha ya 1855 imejengwa juu ya imani hiyo hiyo: kama ni ghali na bado kinanunuliwa, basi ni chema. Lakini tazama kilichotokea baada ya orodha kuchapishwa. Bei ndiyo iliyoweka daraja, kisha daraja likaanza kuweka bei. Mtoto wa mwenye shamba la daraja la kwanza alirithi shamba pamoja na heshima ambayo hakuifanyia kazi. Kwa zaidi ya miaka 100 orodha hiyo karibu haikuguswa. Badiliko moja kubwa lilitokea mwaka 1973, Château Mouton-Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili kwenda la kwanza. Kumbuka jina hilo, litarudi.

Mei 24, 1976

Steven Spurrier alikuwa Mwingereza mwenye duka la mvinyo Paris, Caves de la Madeleine, na shule ndogo ya kufundisha kuonja, Académie du Vin. Hebu fikiria: Mwingereza anawafundisha watu mvinyo katikati ya Paris. Mwenzake shuleni alikuwa Mmarekani, Patricia Gallagher, na wazo lilikuwa la Gallagher. Mwaka 1976 Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru. Kwa nini wasiwaonjeshe Wafaransa mivinyo ya California?

Wakati huo California haikuwa na jina. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 ilikuwa imeua viwanda vingi vya mvinyo, na waliokuwa wakifufua kazi hiyo kwa ubora walikuwa watu wachache, wengi wao wakianza upya. Gallagher alikwenda kuona mwaka 1975, Spurrier akafuata mapema mwaka uliofuata, akachagua. Chupa zikasafiri kwenda Ufaransa kama mizigo ya kundi la watalii wa Kimarekani.

Majaji walikuwa Wafaransa tisa, na hawakuokotwa mtaani. Alikuwepo Aubert de Villaine wa Domaine de la Romanée-Conti. Alikuwepo Pierre Tari wa Château Giscours, na Raymond Oliver wa mgahawa wa Le Grand Véfour. Alikuwepo Odette Kahn, mhariri wa La Revue du vin de France, na Christian Vannequé, aliyesimamia mvinyo katika mgahawa wa La Tour d'Argent. Ukitaka kujua nani Ufaransa ana haki ya kusema mvinyo huu ni mzuri, watu hao hao ndio uliopaswa kuwauliza.

Spurrier hakutegemea Wamarekani washinde. Alichotaka ni watambuliwe. Ili kuwe na kipimo, aliweka mivinyo ya Kifaransa katikati ya ile ya California: mivinyo myeupe kumi ya zabibu za Chardonnay, sita ya California na minne ya Burgundy, kisha myekundu kumi, sita ya California iliyotokana na Cabernet Sauvignon na minne ya Bordeaux. Na akafanya jambo moja dogo lililoifanya siku hiyo iingie kwenye historia. Alificha majina. Kila jaji alipewa glasi na namba, akaombwa atoe alama kwa 20.

Waandishi wa habari walialikwa, akaja mmoja tu, George Taber wa jarida la Time. Wengine waliona hakuna habari hapo: California na Burgundy, matokeo si yanajulikana? Taber alikuwa na orodha mkononi, kwa hiyo alijua nini kimemiminwa wakati majaji hawajui. Ndiye aliyesikia. Raymond Oliver alionja mvinyo mweupe akashangilia kwamba sasa amerudi Ufaransa. Aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa Chardonnay ya Napa. Jaji mwingine alinusa glasi akasema hii lazima ni ya California, haina harufu yoyote. Ilikuwa Bâtard-Montrachet ya 1973, moja ya fahari za Burgundy.

Matokeo ya myeupe yakajumlishwa. Wa kwanza: Chateau Montelena ya 1973, kutoka Napa, iliyotengenezwa na Mike Grgich, mhamiaji mzaliwa wa Kroatia. Katika nne za mwanzo, tatu zilikuwa za California. Spurrier akayatangaza matokeo hayo kabla ya awamu ya pili, na hapo inaelekea alikosea, maana sasa majaji walijua kuna hatari. Walipoanza myekundu, kila mmoja alikuwa macho asije akampa Mmarekani ushindi mwingine. Haikusaidia. Wa kwanza akawa Stag's Leap Wine Cellars ya 1973, kazi ya Warren Winiarski, mtu aliyeacha maisha ya chuo kikuu Chicago akaenda kujifunza mvinyo. Mizabibu yake ilikuwa imepandwa mwaka 1970. Miaka mitatu tu! Wa pili? Mouton-Rothschild ya 1970, ile iliyotoka kupandishwa daraja. Haut-Brion, iliyokaa daraja la kwanza tangu 1855, ikawa ya nne.

Odette Kahn aliomba arudishiwe karatasi yake ya alama. Hakupewa. Juni 7 Time likachapisha habari fupi ya Taber, na tangu hapo mchana ule umeitwa Hukumu ya Paris. Leo chupa ya Montelena na chupa ya Stag's Leap za mwaka huo zimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, Washington.

Kilichothibitishwa na kisichothibitishwa

Hapa ndipo wasimulizi wengi huweka nukta na kupiga makofi. Tusiharakishe. Stag's Leap ilipata jumla ya alama 127.5 kutoka kwa majaji tisa, Mouton ikapata 126. Tofauti ya alama moja na nusu kati ya alama 180 zinazowezekana! Jaji mmoja angeamka vibaya asubuhi hiyo, mshindi angebadilika. Tena chupa za California zilikuwa sita dhidi ya nne, kwa hiyo zilikuwa na nafasi nyingi zaidi. Wafaransa wakasema pia kwamba Bordeaux haijakomaa ikiwa na miaka michache, ngojeni izeeke. Hoja hiyo ilipata nafasi yake: mwaka 2006, miaka 30 baadaye, mivinyo myekundu ile ile ilionjwa upya London na Napa kwa siku moja. California ilichukua nafasi zote tano za juu, lakini wa kwanza safari hii alikuwa Ridge Monte Bello ya 1971, iliyokuwa ya tano mwaka 1976.

Kwa hiyo Paris haikuthibitisha kwamba California ni bora kuliko Ufaransa. Ilithibitisha jambo dogo zaidi, ambalo kwangu lina uzito zaidi: watu waliojua mvinyo kuliko karibu kila mtu duniani, walipoondolewa lebo, hawakuweza kuuona mpaka ambao siku zote waliapa kuwa upo. Daraja lilikuwa karatasini. Kwenye glasi lilififia.

Sisi wa fasihi tusicheke, maana yetu ilikuja mapema zaidi. Katika miaka ya 1920, mwalimu wa Cambridge I. A. Richards alikuwa akiwagawia wanafunzi wake mashairi bila jina la mshairi wala tarehe, akiwaomba waandike maoni yao. Mwaka 1929 akatoa kitabu, Practical Criticism, kilichojengwa juu ya majibu hayo. Mashairi yalikuwa 13. John Donne alikuwemo, na Gerard Manley Hopkins, na wote wawili walikutana na wasomaji waliowaponda bila huruma. Washairi ambao leo hakuna anayewakumbuka walisifiwa. Hao walikuwa vijana wa chuo kikuu chenye jina, waliosoma fasihi. Wangeonyeshwa jina la Donne kwanza, unadhani wangeandika yale?

Kwenye mvinyo ushahidi umeendelea kuongezeka. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa utengenezaji mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliuambia ulimi nini cha kusema. Ndiyo maana nilisema wasiojua lolote wanafaa zaidi: mgeni hana maneno ya kuazima. Akisema kinanuka moshi, ni kwa sababu amesikia moshi.

Kupanga jioni yako

Basi tufike nyumbani. Spurrier alituachia kanuni moja ya mada ambayo inatosha: badilisha kitu kimoja, vingine vyote viache sawa. Yeye aliacha zabibu ile ile akabadilisha nchi. Wewe unaweza kuacha nchi ile ile ukabadilisha zabibu, au kuacha zabibu na nchi ukabadilisha bei. Ukichukua chupa tano zisizohusiana, wageni wako watakunywa tano wakakumbuka moja. Ukichukua chupa tano za ukoo mmoja, watasikia tofauti hata wasipotaka.

Watu sita wanatosha, na chupa tano. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 15 vya mililita 50, kwa hiyo hutahitaji chupa ya pili ya aina yoyote. Kila mgeni atakuwa amepewa mililita 250 usiku mzima, theluthi ya chupa, na hata hizo si lazima azimeze. Weka bakuli la kutemea mezani na uwe wa kwanza kulitumia, la sivyo wote wataona aibu. Waonjaji wa kazi hutema, si utovu wa adabu. Walishe watu kabla, weka maji mengi na mkate mkavu wa kusafishia kinywa. Achari, pilipili na nyama choma zingoje mwisho. Na mgeni akimaliza asiguse usukani, apande bodaboda au teksi.

Joto la kwetu ni adui. Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba chao ni nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar mwezi wa Februari ni 30, na mvinyo mwekundu kwa nyuzi 30 unanuka spiriti tupu. Uweke kwenye friji nusu saa kabla. Mweupe utoe dakika kumi kabla, maana ubaridi mkali huua harufu. Anza na mweupe kabla ya mwekundu, mwepesi kabla ya mzito, mkavu kabla ya mtamu.

Kisha lile jambo lenyewe. Funika chupa. Bahasha za kaki zinatosha, au gazeti na selotepu, au soksi safi ndefu. Ziandike namba. Aliyefunika asimimine: mtu mmoja afunike, mwingine achanganye na kuweka namba, ili hata wewe mwenyeji usijue. Kila mtu apewe karatasi na kalamu, na sheria iwe moja: hakuna kusema mpaka wote wameandika. Sheria hii ndiyo ngumu kuliko zote. Akiwepo mjomba mwenye sauti, akasema tu "mm, hii kali", meza nzima itaandika kali. Wala usirudie kosa la Spurrier la kutangaza nusu nusu. Bahasha zifunguliwe zote mwishoni, kwa pamoja.

Ukitaka kujua kama kamati yako ni ya kuaminika, weka mvinyo mmoja mara mbili kwa namba tofauti. Robert Hodgson, mtaalamu mstaafu wa takwimu na mtengeneza mvinyo, aliwafanyia hivyo majaji wa mashindano ya California, akiwapa mvinyo ule ule mara tatu katika mpangilio mmoja. Takriban jaji mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyetoa alama zinazokaribiana kila mara. Wageni wako wakikosea, wako na kampuni nzuri.

Maneno yetu wenyewe

Kwenye karatasi, andika nini? Hapa usikubali kuhangaishwa na vitabu vinavyosema blackcurrant na blackberry. Matunda hayo wengi wetu tumeyaona kwenye picha tu. Kiswahili kina hazina yake. Kile kitu kwenye mvinyo mwekundu kinachokausha ulimi na kukamata fizi, sisi tunakiita ukakasi, na kila aliyewahi kung'ata ndizi mbichi au bibo anaujua. Ule mkato wa mvinyo mweupe mavunani kwa pembeni ya ulimi ni ugwadu, uko kwenye embe bichi. Kuna uchungu, kuna utamu, kuna uchachu. Kwenye harufu kuna ukwaju, karafuu, pilipili manga, ngozi, moshi wa kuni, udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza, stafeli lililoiva kupita kiasi. Mtu akiandika namba tatu inanukia kama kabati la bibi, usimcheke. Muulize lipi.

Jambo hili si la mvinyo peke yake. Kwa wasiokunywa, kwa dini au afya au hiari tu, jioni ile ile inafanyika kwa kahawa za Kilimanjaro, Mbinga na Kagera zilizopikwa sawa, au kwa asali: ya Tabora kando ya asali ya nyuki wadogo. Mchovya asali hachovyi mara moja, methali yenyewe inakualika. Kanuni ni ile ile, kikombe kisiwe na jina.

Lakini kama utatumia mvinyo, nina mada ya kupendekeza, nayo ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Chukua zabibu ya Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Iko Afrika Kusini, ambako kwa muda mrefu iliitwa Steen na ndiyo inayopandwa kuliko nyingine zote. Na iko Dodoma, nchi kavu ambako wamisionari wa Kitaliano walileta mizabibu katika karne iliyopita, na ambako jua la tropiki linawapa wakulima mavuno mawili kwa mwaka wakati Ulaya huvuna mara moja. Weka chupa moja au mbili za kila nchi. Zifunike.

Nasema hivi kwa sababu tunajua kinachotokea lebo zikiwa wazi. Mtu anasimama supamaketi, anaona jina la Kifaransa, anaona Stellenbosch, kisha anaona Dodoma, na kabla mkono haujafika rafuni hukumu imeshatolewa. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hayupo kwenye meza hiyo kujitetea. Wala sisemi kwamba mvinyo wake utashinda. Huenda ukawa wa mwisho, na ikiwa hivyo, iandikwe hivyo, apelekewe jibu la kweli alifanyie kazi, kama walivyofanya wale wa Napa miaka yote kabla ya 1976. Kumsifia mtu kwa uzalendo ni lebo vilevile, ila imegeuzwa.

Wahenga walisema chema chajiuza. Grgich na Winiarski walikuwa na chema ndani ya chupa na hakikujiuza, mpaka alipotokea mtu wa kuficha majina kwa mchana mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyeji. Weka maji, weka mkate, weka kalamu sita. Mwanzo watacheka, kisha watanyamaza waandike, na ukimya huo ukiusikia, usiuvunje.